Mafuta ya karafuu au ya makonyo? Kisa cha sabuni za mwani zilizokwama Ujerumani

Katoni zilikuwa nane, kila moja ina miche sitini. Sabuni za mwani kutoka kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, zimefungwa kwa karatasi ya kaki na kamba ya ukili, na juu yake stika yenye picha ya karafuu, ya mchaichai au ya asumini. Zilipanda ndege hadi Frankfurt kwa mnunuzi mwenye duka la bidhaa za asili. Dukani hazikufika. Forodha ilizizuia, ikauliza mamlaka inayosimamia vipodozi katika jimbo la mnunuzi, na baada ya wiki tatu jibu likaja kwamba haziwezi kuingia sokoni. Mnunuzi akapewa achague: azirudishe kwa gharama yake au ziharibiwe. Nauli ya kuzirudisha ilikuwa kubwa kuliko thamani ya mzigo wenyewe. Zikaharibiwa miche yote 480.

Nina sababu ya kukiandika kisa hiki. Lebo ya sabuni zile niliifasiri mimi. Kikundi cha kina mama kiliniletea maneno yao ya Kiswahili, nikayageuza Kiingereza, nikayapanga yakapendeza, nikampelekea mpiga chapa. Nilidhani kazi ya lebo ni kazi ya lugha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiletewa lebo za watu wengine, sabuni, mafuta ya nywele, dawa za kusafishia sakafu, na karibu zote zina makosa yaleyale ya kwetu. Jina la kikundi na la mnunuzi nayaacha, lakini mengine yote nitayasema kama yalivyokuwa.

Lebo ya kwanza

Mbele iliandikwa hivi, kwa maana yake ya Kiswahili: Sabuni ya Mwani na Karafuu. Asili asilimia mia. Haina kemikali. Hutibu chunusi, ukurutu na fangasi. Gm 100. Nyuma: viambato ni mwani, mafuta ya nazi, mafuta ya mawese, mafuta ya karafuu. Chini kabisa namba ya simu ya mwenyekiti na maneno "Imetengenezwa Zanzibar".

Stika za aina nyingine mbili, ya mchaichai na ya asumini, zilikuwa hivyohivyo. Tulibadilisha jina na picha tu.

Makaratasi ya safari hayakuwa na dosari. Ankara ilikuwapo, maelezo ya asili ya bidhaa yalikuwapo, na ushuru ulikuwa sifuri, kwa sababu Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoingiza bidhaa Umoja wa Ulaya bila ushuru chini ya mpango unaoitwa Kila Kitu Isipokuwa Silaha. Hapa ndipo wengi tunapojidanganya. Tukisikia "bila ushuru" tunaelewa "bila kizuizi". Mwenye kukusamehe ushuru si yule anayeangalia usalama wa ngozi ya mteja, na wawili hao hawaulizani. Vivyo hivyo na nembo za ubora za nyumbani. ZBS kwa Zanzibar na TBS kwa bara zina kazi yao kwenye soko letu, ila kwa afisa wa Ujerumani hazichukui mahali pa nyaraka ambazo sheria yake inazitaka.

Sheria yenyewe ni Kanuni namba 1223 ya mwaka 2009 ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika kikamilifu Julai 2013. Kila kipodozi kinachouzwa huko lazima kiwe na mtu au kampuni iliyo ndani ya Umoja wa Ulaya inayokibebea dhamana. Mimi humwita mwajibikaji. Jina lake na anuani yake ndivyo vinavyokaa kwenye lebo. Yeye ndiye mwenye faili la taarifa za bidhaa, ambalo ndani yake kuna ripoti ya usalama iliyotiwa saini na mtaalamu mwenye shahada ya famasia, sumu na madhara yake, tiba au fani ya karibu na hizo, na faili hilo litunzwe miaka kumi tangu bechi ya mwisho iingie sokoni. Yeye pia ndiye anayeisajili bidhaa kwenye mfumo wa kielektroniki wa CPNP kabla ya mche mmoja kuuzwa.

Kumbe mnunuzi wetu alikuwa mwajibikaji bila kujijua. Kanuni inasema kipodozi kikitoka nje ya Umoja, anayekiingiza ndiye mwajibikaji, isipokuwa amemkabidhi mwingine kwa maandishi naye akakubali. Yeye alijiona mwenye duka tu, anayenunua na kuuza. Sisi tulijiona wauzaji tu. Katikati yetu hapakuwa na mtu, na namba ya simu ya mwenyekiti haikuweza kuziba pengo hilo.

Kwa hiyo hata lile wazo la kwanza lililotujia, la kutuma stika mpya zibandikwe juu ya zile za zamani huko huko ghalani, lilikufa. Stika mpya tungeandika nini? Ripoti ya usalama haikuwapo. Hatukuwa na haki ya kuandika hata jina la juu.

"Sisi hatutii kemikali"

Nilipokwenda kijijini na barua ya mamlaka ile ya Ujerumani, nilimkuta mwenyekiti kwenye banda la kupikia. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akanisogezea kigoda. Nikamsomea kipande cha kwanza, kinachosema maneno "haina kemikali" yanapotosha.

"Mwanangu, sisi hatutii kemikali," akasema. "Tunatia mwani na mafuta, basi. Wewe mwenyewe umeona."

Nyuma yake, juu ya rafu, kulikuwa na ndoo nyeupe yenye mfuniko na alama ya fuvu. Kostiki soda, alkali ya kutengenezea sabuni. Hakuwa ananidanganya, naapa. Kwake kostiki ni kama moto wa jikoni, inapikia chakula lakini hailiwi. Na ana hoja, kwa sababu kostiki ikipimwa sawasawa huungana na mafuta yote ikawa sabuni na gliserini, na mche ukishakaa wiki zake hauna tena kostiki inayounguza. Ila sabuni bila alkali haipo, iwe ya mwani, iwe ya dukani. Kanuni namba 655 ya mwaka 2013, inayoshughulika na madai ya vipodozi peke yake, inataka dai liwe la kweli, liwe na ushahidi, liwe la haki kwa bidhaa nyingine na limsaidie mnunuzi kuamua. "Haina kemikali" halipiti hata la kwanza. Linamsingizia pia jirani anayetengeneza sabuni halali kwamba yake ni sumu.

Neno "hutibu" lilikuwa zito zaidi. Bidhaa inayojitangaza kutibu ukurutu au fangasi huko haihesabiwi kuwa kipodozi. Inahesabiwa kuwa dawa, hata kama ndani yake ni sabuni tupu, kwa sababu ya namna ilivyotangazwa. Na dawa ina sheria yake, vibali vyake na majaribio yake. Neno moja la stika lilikuwa limezihamisha sabuni zetu kutoka rafu ya bafuni hadi kabati la famasia. Kina mama walisema wateja wao wa Paje na Jambiani huwaambia chunusi zimekauka, na mimi nawaamini. Hayo ni ya mteja kumsimulia mwenziwe. Yakishachapwa kwenye lebo yanakuwa ahadi ya mtengenezaji, na mtengenezaji ataulizwa ushahidi wake.

Karafuu ni karafuu?

Sasa nakuja kwenye kilichonifundisha kuliko vyote.

Mnunuzi alikubali kuendelea nasi, akapata mtathmini wa usalama huko Ujerumani. Mtathmini akatuletea fomu ndefu. Kwenye mstari wa mafuta ya karafuu aliuliza: sehemu gani ya mmea? Nikampigia mwenyekiti, akacheka. Karafuu ni karafuu. Nikaandika tumba la karafuu, kwa maana ya ile karafuu yenyewe inayokaushwa juani kwenye majamvi. Halafu nikasita, nikafuta, nikafunga safari kwenda sokoni Darajani kwa muuzaji wa viungo aliyekuwa akiwauzia.

Mwanzo alijibu kama mwenyekiti. Nikamuuliza tena. Akanitazama kidogo, akasema kwa upole, "Haya ni ya makonyo. Ya karafuu zenyewe bei yake hamuiwezi."

Kwa asiyetoka kwetu, nieleze. Karafuu inachumwa pamoja na kikonyo chake, kile kijiti kinachoishika mtini. Watu hukaa barazani usiku, wanachambua, karafuu upande huu, makonyo upande ule. Makonyo nayo yana mafuta mengi. Kule Pemba, kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake kinajulikana kwa kutoa mafuta ya makonyo. Majani ya mkarafuu nayo yanatoa mafuta. Kwa Kiswahili cha kila siku yote matatu ni mafuta ya karafuu, na hakuna anayedanganya akiyaita hivyo. Mtathmini hakulikubali jina hilo la jumla. Viambato huandikwa kwa majina ya pamoja ya kimataifa, ya Kilatini kwa mimea, na mkarafuu una jina moja kwa tumba, jingine kwa jani, jingine kwa kikonyo. La kwetu lilikuwa Eugenia Caryophyllus Stem Oil. Ningeandika la tumba ningekuwa nimechapa uongo kwenye kila mche, na ripoti ya usalama ingekuwa imesimama juu ya mafuta ambayo hayamo ndani ya sabuni.

Mafuta hayo, yatoke sehemu yoyote ya mti, sehemu yake kubwa ni eujenoli, kwa kawaida robo tatu au zaidi. Ndiyo inayofanya karafuu inukie karafuu na ndiyo inayotia ganzi jino bovu. Nayo pia imo kwenye orodha ya vinukizi 26 ambavyo Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2003 viandikwe kwa jina kwenye lebo, kwa sababu baadhi ya watu vinawaletea mzio wa ngozi. Kwa bidhaa inayosuuzwa, kama sabuni, mpaka ni asilimia 0.01. Kwa inayobaki mwilini, kama losheni, ni asilimia 0.001.

Tulikaa chini bandani tukapiga hesabu. Mwenyekiti alikuwa akipima mafuta kwa vikombe vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono: vikombe vitatu kwa sufuria ya kilo 10. Tukavimimina juu ya mizani, vikaja gramu 200 na ushei. Hiyo ni asilimia 2 ya sabuni. Tukichukua kwamba asilimia 80 ya mafuta ni eujenoli, kila mche wa gramu 100 ulikuwa na gramu 1.6 za eujenoli. Mpaka wa kuitaja kwa jina ni gramu 0.01. Tulikuwa tumeuvuka mara 160, na stika yetu haikuwa na neno hilo hata mara moja.

Niliwaonesha jambo jingine kwa mrija wa kudondoshea. Tone moja la mafuta yale lina miligramu thelathini hivi. Mpaka kwa mche wa gramu 100 ni miligramu 10. Tone moja peke yake ndani ya mche mzima, na tayari eujenoli inadai jina lake kwenye lebo. Mama mmoja aliyekaa pembeni akisuka ukili aliuliza, "Kwani karafuu ni mbaya?" Si mbaya. Mkate wa ajemi si mbaya, lakini yupo mtu ambaye ngano inamdhuru, na huyo ana haki ya kujua kabla hajaumega. Sheria haikukataza karafuu. Inataka mwenye mzio aisome kabla hajajipaka.

Na orodha imekua. Kanuni ya 2023 namba 1545 imeifikisha zaidi ya vinukizi 80. Bidhaa mpya zinazoingia sokoni kuanzia 31 Julai 2026 zinatakiwa kuufuata utaratibu huo, na zilizokuwapo kabla ya hapo zina hadi 31 Julai 2028. Miongoni mwa vilivyoongezwa imo Beta-Caryophyllene, ambayo nayo imo ndani ya mafuta ya karafuu. Anayechapa stika nyingi leo kwa kuwa bei ya jumla ni nafuu, afikirie tarehe hizo kwanza.

Mchaichai ulikuwa na hesabu ya namna hiyohiyo, kwa citral badala ya eujenoli, na jirani zake geraniol na limonene. Siurudii.

Asumini ilipotushinda

Sabuni ya asumini ndiyo iliyokuwa ikiuzwa sana nyumbani. Haikuwa na asumini. Asumini halisi ni ghali mno kutiwa kwenye sabuni ya kijijini, kwa hiyo walinunua manukato ya kuchanganya kwenye dumu la lita moja, dumu lenye jina la ua na tarehe, basi. Kwa mtathmini, manukato bila karatasi ni shimo jeusi. Anataka tamko la mtengenezaji wa manukato: vinukizi gani vya kuleta mzio vimo na kwa kiasi gani, na yanafaa kwa bidhaa ya aina gani.

Tuliandika, tukapiga simu, tukangoja. Karatasi ilipopatikana, ndani yake kulikuwa na jina Butylphenyl Methylpropional. Wengi wanalijua kwa jina la biashara, Lilial, harufu laini ya maua iliyotumika miaka mingi kwenye shampuu, sabuni na manukato. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku kwenye vipodozi tangu 1 Machi 2022, baada ya kuwekwa kwenye kundi la vitu vinavyohofiwa kudhuru uzazi. Tangu hapo vipodozi vingi vimekuwa vikiondolewa madukani Ulaya kwa sababu hiyo moja, na mara nyingi mkaguzi hahitaji maabara, anasoma lebo tu, kwa kuwa mtengenezaji mwenyewe ameliandika jina.

Fikiria hali yetu hapo. Tungeandika "Parfum", yaani manukato, na kunyamaza, tungekuwa tumevunja sheria kwa kuficha. Tungeliandika, tungekuwa tumejitangaza kuwa na kilichokatazwa. Hakuna lebo inayoweza kuirekebisha sabuni ya namna hiyo. Dawa yake iko kwenye sufuria. Asumini ikatolewa kwenye mpango wa Ulaya, na kwa uamuzi wa kina mama wenyewe, bila mimi kusema, wakaacha kununua manukato yale hata kwa soko la nyumbani. Mwenyekiti alisema wajukuu zake wanaogea sabuni hiyohiyo.

Gramu tisini na moja

Barua ilikuwa na mstari mmoja kuhusu uzito, nami nilidhani wamekosea. Kina mama ni waangalifu, kila mche hupimwa. Nikauchukua mche mmoja uliobaki rafuni, nikauweka juu ya mizani ya jikoni. Gramu 91.

Walikuwa wanapima siku ya kukata. Sabuni ya kupikwa kwa baridi, yaani isiyochemshwa, inakaa wiki nne au zaidi kwenye vichaga vya mbao ikikomaa, na muda huo maji yanatoka. Mche uliokatwa gramu 100 unafungwa ukiwa 91. Hakuna aliyeiba, lakini mnunuzi anayelipia mia amepewa pungufu. Sasa wanakata gramu 112, na wanapima tena siku ya kufunga. Kalibu ilibidi itengenezwe upya na fundi seremala, ubao mmoja umesogezwa kwa upana wa kidole. Na "gm" ikawa "g", maana alama ya gramu ni hiyo moja tu.

Mengine kwa haraka. Lugha: uzito, tarehe, tahadhari na matumizi lazima viwe kwa lugha ambayo nchi husika imeichagua, na Ujerumani inataka Kijerumani, kwa hiyo Kiingereza changu kizuri hakikuwa na kazi. Tarehe: sabuni inayodumu miezi 30 au pungufu iandikwe mwisho wa ubora wake, na mtathmini aliipa ya kwetu miezi 12, kwa sababu mafuta ya nazi na mawese yasiyo na kinga huchacha na kutoa madoa ya rangi ya chungwa. Namba ya bechi: haikuwapo. Nchi ilikotoka: ilikuwapo. Hilo tulipatia.

Kichupa

Ndani ya kila katoni mwenyekiti alikuwa ametia, kwa ukarimu tu, vichupa vya mililita 10 vya mafuta yaleyale ya makonyo, vimeandikwa "Mafuta ya Karafuu" na basi. Vichupa hivi vilichukua nusu ukurasa wa barua, na nikiri kwamba mwanzoni niliona ni uonevu.

Kichupa kile kinaingia sheria ipi inategemea umesema ni cha nini. Ukisema cha kupaka mwilini, ni kipodozi. Cha kutia kwenye chakula, ni kiungo cha chakula. Cha jino, umeshafika kwenye dawa. Cha kufukizia chumbani, kinaingia kwenye sheria ya kemikali, Kanuni namba 1272 ya mwaka 2008, inayotumia alama zilezile za kimataifa unazoziona kwenye madumu ya dawa za usafi: almasi nyeupe yenye mpaka mwekundu, na ndani yake alama nyeusi. Kwa mafuta ya karafuu alama ya mshangao inahitajika, neno la tahadhari, onyo kwamba yanaweza kuleta mzio wa ngozi na kuwasha macho, maelekezo ya kujikinga, jina, anuani na simu ya msambazaji aliye Ulaya. Alama yenyewe isipungue sentimita moja kwa moja. Kwenye kichupa cha mililita 10, hayo yote ni kibandiko cha kukunjwa.

Hatukusema ni cha nini. Kwa sheria, hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote. Na nikikumbuka kwamba mtoto mdogo akiyanywa mafuta haya yanaweza kumdhuru vibaya sana, sioni tena uonevu. Nyumbani tunayaweka juu ya kabati kwa sababu bibi alituambia. Mgeni wa Frankfurt hana bibi wa Pemba. Kibandiko ndicho kinachomwambia.

Vichupa viliachwa. Vitarudi siku kikundi kitakapokuwa na nguvu ya kuvifanyia kazi yake.

Lebo ya pili

Ilichukua miezi tisa. Aina tatu zikawa moja, ya karafuu, na mafuta ya makonyo yakashushwa hadi asilimia 1 kwa ushauri wa mtathmini. Mbele: jina, na neno sabuni kwa Kijerumani. Hakuna "hutibu", hakuna "asilimia mia". Nyuma: 100 g, Mindestens haltbar bis (ubora wake hadi) na tarehe, namba ya bechi, jina na anuani ya mnunuzi kama mwajibikaji, Zanzibar, Tanzania. Halafu viambato, kwa mpangilio wa uzito kuanzia kikubwa: Sodium Cocoate, Sodium Palmate, Aqua, Glycerin, kisha mwani kwa jina lake la Kilatini, Eugenia Caryophyllus Stem Oil, Eugenol, Beta-Caryophyllene.

Mwani nao ulitutoa jasho. Wanaolima kule wanaujua vizuri kuliko kitabu: spinosum ndiyo inayostahimili joto la maji ya siku hizi, cottonii ina bei zaidi lakini inakufa. Kwenye sabuni walikuwa wanatia wowote uliokauka. Ni mimea miwili yenye majina mawili, na lebo inataka ule uliomo. Wakachagua spinosum, na mfuko wa cottonii hauingii tena bandani.

Kuna jambo nalisema waziwazi. Gharama ya ripoti ya usalama ni ya kila mapishi, si ya kila mche. Mwenye kiwanda anayetoa sabuni milioni tano analipa karibu sawa na kina mama wanaotoa mia tano. Hapo mdogo anaumia kweli, na sikubaliani na wanaosema "fuata sheria tu" kana kwamba sheria hailipiwi. Lakini siungi mkono pia maneno niliyoyasikia kwenye vikao vingi, kwamba hizi ni njama za kutufungia mlango. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni vikundi vinne au vitano kukubaliana msingi mmoja wa sabuni, nazi kiasi hiki, mawese kiasi hiki, na kuupeleka kwa mtathmini mmoja, kisha kila kikundi kinaongeza kinukio chake kimoja chenye karatasi zake. Ripoti zinakaribiana, na bei inashuka.

Mjumbe mmoja alipendekeza tuachane na Ulaya, tupeleke Muscat, ambako tuna ndugu. Inawezekana, ila kiwango cha vipodozi cha nchi za Ghuba kinakaribiana sana na cha Ulaya, na lebo inataka Kiarabu. Uingereza, tangu ilipotoka kwenye Umoja, inataka mwajibikaji wake mwenyewe mwenye anuani ya Uingereza na usajili wake mwenyewe. Marekani ina utaratibu wa kushangaza kidogo: sabuni ya kweli, iliyotokana na mafuta na alkali na inayouzwa kama sabuni tu, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya huko, haiihesabu kipodozi. Ukiongeza neno "hulainisha ngozi" imekuwa kipodozi. Ukiongeza "hutibu chunusi" imekuwa dawa. Mche ni uleule. Neno ndilo lililobadilika. Na wao uzito wanautaka kwa aunsi pia.

Kinachofanya yote haya yawezekane bandani ni kaunta buku moja yenye jalada jekundu. Binti aliyemaliza kidato cha nne ndiye anayeitunza. Kila sufuria ina ukurasa wake: tarehe, namba ya bechi, mafuta yametoka kwa nani, kostiki gramu ngapi, nani alikoroga, uzito siku ya kukata, uzito siku ya kufunga. Kwenye mstari wa kinukio ameandika "makonyo", na pembeni ameibana karatasi ya muuzaji kwa stepla.

Mara ya mwisho nilipokwenda, alikuja kijana na pikipiki, amebeba dumu la lita tano. Akamwamkia mwenyekiti, akasema ana mafuta safi ya karafuu, bei ya chini kuliko ya Darajani. Mwenyekiti alifungua kizibo akanusa. Yalinukia vizuri, nilisikia hata nilipokaa.

"Ya karafuu zenyewe, ya makonyo au ya majani?"

Kijana akasema, "Ya karafuu tu, bibi."

"Karatasi yake unayo?"

Hakuwa nayo. Mwenyekiti akakirudisha kizibo, akakikaza, akamshukuru kwa kumfikiria, akamrudishia dumu lake.